Nafasi ya Mtunza Funguo

Tulikuwa kumi na mmoja Jumapili ile
na kazi kumi na tatu.
Naftali Feruzi alizisoma polepole,
kama mtu anayehesabu chenji mbele ya mdai:
karani, naibu wake, mweka hazina,
wawili wa kutembelea wagonjwa,
mmoja wa makaburi, mmoja wa paa
(paa letu lina kamati yake tangu masika ya mwaka juzi).
Akakunja karatasi. Tukanyamaza.

Sisi Marafiki hatupigi kura.
Tunakaa kimya
mpaka jambo lenyewe lichoke kujificha.
Nje, njia ya Wesha, pikipiki ilipita na mbuzi akilalamika.
Elisifa akakohoa. Sote tukamgeukia.
"Nimekohoa tu," akasema.

Mie nilitazama viatu vyangu.
Nilishakataa mara mbili:
mwaka wa kwanza nilisema nina mafriji ya watu Wete,
mwaka wa pili nikasema mafriji yale yale.
Waliandika: *Rafiki Obadia ameomba udhuru.*

Wapo wanaosema waliitwa,
kifua kikawaka, miguu ikasimama yenyewe.
Mie sikuitwa.
Kimya kilirefuka tu, na Dorkasi,
mwenye miaka sabini na tisa na goti moja zima,
akaanza kushika kiti cha mbele ili ainuke.
Nikamtangulia.
"Funguo," nikasema. "Nitashika funguo. Funguo tu."
Naftali akaandika, akasoma alichoandika,
wakasema tunakubali,
nikakabidhiwa kamba ya kiatu yenye funguo nne,
mbili hazijulikani ni za nini.

Mmoja ulikuwa wa kabati.
Bilauri, mishumaa iliyopinda kwa joto,
madaftari saba, la pili mchwa wameshalianza.
Nilikusudia kupangusa vumbi.

Machi, mwaka niliozaliwa:
*Nafasi ya mweka hazina. Hakuna aliyejitolea.
Tulikaa kimya. Tutakaa tena wiki ijayo.*
Wiki ijayo: *Tulikaa tena.*
Wiki ya tatu, wino mwingine:
*Tabitha Mabruki amekubali.*

Mama.

Nikafunua mbele. Wagonjwa: Tabitha.
Mishumaa: Tabitha.
Makaburi: Tabitha, kwa muda.
Huo muda, miaka kumi na minne.
Jumamosi zile nilikula muhogo wa jana peke yangu,
nikimkasirikia mwanamke
aliyependa vikao kuliko mwanawe.
Kumbe yuko Vitongoji
anamwosha mtu asiye na mtu.
Hakuniambia. Au aliniambia,
nami nilikuwa na redio masikioni.

Sisemi nimemsamehe. Muhogo ulikuwa wa baridi.
Lakini nililisoma daftari mpaka umeme ukakatika,
kisha nikawasha mmoja wa mishumaa iliyopinda,
nikaendelea.

Ngazi ya paa tumeiazima chuoni kwa Maalim Haji,
na Bi Shuwena wa nyumba ya pili,
anayeswali tano zake bila kukosa,
ndiye hutufagilia uwanja majani ya mfenesi yakizidi,
ndiye aliyeshika hizi funguo Dorkasi alipolazwa.
Hayumo katika kamati yoyote.
Nilipomuuliza kwa nini, alicheka:
"Mie jirani. Hiyo si kazi?"
Nikatafuta pa kumwandika. Daftari halina safu yake.
Nikamwandika pembeni, kwa penseli,
nikabonyeza sana.

Leo zimebaki kazi mbili.
Naftali amesoma, amekunja karatasi.
Elisifa amezuia kikohozi kwa leso, macho yamemtoka.
Nami mfukoni naupapasa ule ufunguo wa nne,
ambao nimeujaribu kwenye kila mlango tulio nao,
na bado.