Daftari Linasema Tisa

Alhamisi ya pili ya mwezi, saa kumi jioni,
tunavuka Barabara ya Kumi na Sita, watu watano:
mimi, Semkiwa fundi saa, Hamdani wa bodaboda,
Nyamizi wa duka la dawa,
na mchungaji Kihiyo, ambaye huchelewa hata akiwahi.
Hatuna sare. Hatuna rungu. Posho ndiyo usiulize.
Tuna kaunta buku moja na kalamu niliyoifunga uzi,
maana pale kituoni kalamu zina miguu.

Zamani nilikuwa karani wa mizani, kiwanda cha mkonge.
Miaka ishirini na sita nikipima robota,
na nilitoka na elimu moja tu:
mzigo hausemi uongo,
husema uongo anayeusoma.

Mwezi wa tatu bango la DHAMANA NI BURE
lilikuwa nyuma ya mlango,
na mlango ule hushinda wazi.
Semkiwa akauliza, "Hili husomwa na nani, mjusi?"
Koplo Nyanzala akacheka. Halafu akaacha kucheka.
Mwezi wa nne tukalikuta limeshuka kaunta,
usawa wa macho ya mtu aliyeketishwa sakafuni.

Sisemi ni watu wabaya.
Koplo huyo nimemwona akinunua karatasi za maelezo
kwa hela yake ya vocha.
Pikipiki ya doria imelala, haina tairi la mbele,
na usiku maji yalipojaa Mabawa
alimbeba mgongoni bibi wa watu hadi Bombo.
Hayo nayo nimeyaandika.

Leo daftari la mahabusu linasema tisa.
Nikaomba kuhesabu vichwa.
"Soda kwanza, Bi Riziki," akasema mkuu wa kituo.
Soda baadaye.
Nikahesabu kwa kidole kupitia nondo,
kama nilivyohesabu robota.
Kumi.
Nikaanza upya, kutoka upande wa ndoo. Kumi.

Wa kumi alikaa kando ya ndoo yenyewe,
shati halina kifungo hata kimoja, mguu umevimba.
Akanitazama, akauficha uso.
Ni Shebe, mtoto wa marehemu Mwanamkuu mpika vitumbua,
aliyebeba mtungi wangu wa gesi Jumapili,
na sufuria juu ya mtungi,
na maharage ndani ya sufuria, bado ya moto.

Siku nne yumo humu,
na hakuna mstari mmoja unaosema aliwahi kuzaliwa.

Jina lake nililileta mimi.
Mimi niliyesema mbele ya majirani, "Wamfundishe adabu."
Neno langu nimelikuta hapa,
limevimba kwenye mguu wa mtu.

Hamdani akaninong'oneza, "Bibi, si ndiye huyu? Achana naye."
Nikamwambia mkuu wa kituo:
andikeni jina, siku aliyoingia, saa,
na fomu ya matibabu itoke kabla sijatoka mimi.
"Lakini huyu ni mwizi wako!"
Ndiyo. Wangu.
Ndiyo maana namtaka afike mahakamani
kwa miguu yote miwili.

Feni ikazunguka, ikalia, ikazunguka.
Koplo akatafuta kalamu, hakuiona,
akavuta yangu, na uzi wake, na mkono wangu nyuma ya uzi,
akaandika.

Sasa mtaani naitwa wakili wa wezi.
Muuza mkaa ananipimia debe la kupwaya
na najua linapwaya, nimekaa kimya.
Mtungi haujaonekana.
Ila usiku, moshi ukinitoa machozi, huniijia swali:
asingeinua uso yule kijana,
ningehesabu mara ya pili?
Hilo sijalipatia ukurasa.

Mwezi ujao daftari atashika Semkiwa.
Nimemkabidhi na kalamu.
Nimemwambia, uzi usiukate.