Nipo

Prosesa kumi na sita, makabati mawili ya chuma,
na kila sekunde kila mmoja humwambia mwenzake: nipo.
Hakuna anayeuliza, upo?
Usingoje kuulizwa. Sema nipo, urudi kazini.

Pirjo Haapakoski amevaa soksi juu ya soksi,
maana chumba hiki hupozwa hata Januari,
hata Oulu inapojikunyata
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Kwenye skrini, nukta kumi na sita za kijani.
Huzihesabu kama mtu anayehesabu watoto waliolala:
si kwamba anashuku,
macho yana mazoea yao.

Saa tisa na dakika kumi na nne, namba saba akanyamaza.

Sekunde moja: labda amechelewa.
Ya pili.
Namba sita, pacha wake, hakungoja ya tatu.
Hakupiga yowe, hakutandika mkeka wa matanga.
Alilichukua daftari lilipoachwa,
katikati ya hesabu, katikati ya tarakimu,
akaendelea.

Huko Kaukovainio dereva wa teksi alikuwa analipia dizeli.
Mashine ikasita nusu ya pumzi, ikatema risiti.
Akaikunja, akaondoka.
Fedha yake ilianza safari kwa mmoja, ikafika kwa mwingine,
naye anawaza matairi.

Pirjo anaandika kwenye kitabu cha zamu:
Saba imelala. Sita imebeba. Malalamiko: hakuna.
Miaka ishirini na miwili anaandika neno hilo la mwisho,
na bado humchoma kidogo,
kama mwiba mdogo usioonekana wa kuutoa.

Kipuri kitatoka Vantaa kwa lori, saa nne asubuhi,
theluji ikiruhusu.
Hadi hapo sita hana pacha.
Akianguka naye, hakuna wa kulishika daftari.
Skrini hailisemi hili; nukta yake ni ya kijani kama zile nyingine.
Pirjo anakisogeza kiti karibu,
jambo lisilosaidia chochote.

Saa kumi na moja simu inatetemeka juu ya meza.
Ni Veikko, mwenye zamu hii kwa haki,
amelala hospitali na nyonga mpya, maumivu yamemwamsha.
Zamu zake tatu ziko kwa Pirjo, juu ya zake nne.
Ameandika neno moja tu na alama ya kuuliza.

Nipo, anajibu,
kisha anageukia skrini.
Kumi na tano.
Anahesabu tena.