Bei ya Mgeni

Kijana ana kopo la maziwa ya unga la kutilia hela,
na kibao alichokiandika kwa mkaa:
MWENYEJI 5,000. MGENI 15,000.
"Mama, umetoka wapi?"
Sijui ulimi uliteleza wapi. Nikasema, Dodoma.

Mimi wa Ngamiani, barabara ya kumi na nne.
Miaka sitini na mbili nauvuka Mkulumuzi kwa juu,
nikiwa na kikapu, nikiwa na mimba,
nikiwa na madaftari ya kusahihisha,
wala sijawahi kuinamisha shingo.

Leo nimefungwa boya la rangi ya chungwa
linalonuka petroli na jasho la mgeni wa jana.
Injini inakohoa mara tatu, ya nne inakubali.
Daraja linatupita juu kama kope.
Kumbe huku chini kuna popo, na kuna maandishi,
rangi ya nyumba, herufi za haraka:
ZUENA NISAMEHE.
Nani aliogelea usiku kuja kuomba radhi
mahali ambapo Zuena hatapita?

Hiza, ndilo jina la kijana, anatuonyesha mji kwa mgongo.
Tanga kapendeza mbele; nyuma zipu haijafungwa.
Mabomba yananing'inia. Kanga zinakauka.
Mbuzi kasimama juu ya tairi kama mkaguzi wa shule.
Mama mmoja anasugua sufuria kwa mchanga, anatufokea:
msinipige picha, sijachana nywele!
Nyuma yake ua wa msikiti ambao ninaujua kwa mlango tu.
*Nyumba njema si mlango.* Niliwasomea watoto imla hiyo
kila mwaka, nikiwahesabia makosa ya herufi.

"Mto huu," anasema Hiza, "chanzo chake theluji ya Kilimanjaro."
Bwana mmoja wa Mwanza ananakili kwenye kidaftari.
Theluji! Maji haya ni mvua ya vilima vya Usambara,
hayajawahi kuona barafu hata ya kwenye friji.
Lakini mtu wa Dodoma atajuaje?
Nauma ulimi. Uongo wangu umekaa ubaoni kati yetu,
na haukulipa nauli.

Yule bwana anauliza: eti Tanga waja leo waondoka leo?
"Wanasema hivyo, mzee. Wakishakuja hawaondoki."
Wote wanacheka.
Mimi nilikuwepo tu. Kuja, sijawahi kuja.

Kwenye mikoko anazima injini.
Kaa, kila mmoja na gando lake moja kubwa,
wanatupungia, au wanatufukuza.
Tope linapumua povu.
Ndipo Hiza anaonyesha kwa kasia, mbali, paa la bati jekundu:
"Mama yangu alisoma pale.
Kulikuwa na mwalimu wa jiografia, mkali, we!
Alimchapa viboko vinne kwa kukosea kuchora mto Rhine.
Mpaka leo anauchora. Hata gizani. Kwa kijiti, kwenye unga.
Huu hakufundishwa."

Natazama viganja vyangu.
Nilitaka kuuliza jina la mama yake.
Nilijua ningelikumbuka, kwa hiyo sikuuliza.

Ghuba ilifunguka ghafla, nyeupe, inaumiza macho.
Wengine walisimama kupiga picha; boti ikayumba.
Sina picha.

Tuliporudi akanipa kitabu cha wageni,
kalamu imefungwa kwa uzi wa katani.
Jina. Tarehe. Unakotoka.
Niliandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni,
herufi zimesimama wima kama zinasubiri kengele:
Ngamiani, barabara ya kumi na nne.

Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena.
"Basi nimekutoza bei ya mgeni, mama."
Akafungua kopo anirudishie elfu kumi,
anahesabu noti zenye unyevu.

Nikamwambia aache.
Nikamwambia ampelekee mama yake.
"Nimwambie zimetoka kwa nani?"

Nilikuwa nimeshapanda baiskeli.