Mistari ya Manjano

Jumanne, saa tatu na robo, mjini Łódź.
Theluji ya jana imegeuka tope kwenye ngazi za kliniki
nasi tunaingia, kila mtu na namna yake ya kuburura:
huyu mguu, yule ulimi,
mimi upande mzima wa kulia
uliolala usingizi mwezi Machi
na mpaka leo haukubali kuamshwa.

Kinga ananipa kibanio cha nguo.
Cha plastiki, rangi ya waridi. "Kifungue."
Miaka thelathini na mmoja niliendesha tramu,
tani na tani za chuma nikizisimamisha kwa kiganja hiki
mbele ya watoto wa shule, mbele ya walevi,
na sasa kibanio
kinanitazama kama mbwa wa jirani asiyenijua.

Ukiniuliza kidole kinasikia nini
nitakujibu (maneno ninayo, yamepanga foleni,
mlango ndio mwembamba):
kinasikia simu yenye mikwaruzo,
mtu wa mbali akiita jina
linalokaribiana na langu.

Kule kwenye mistari yuko Bi Zenobia.
Kinga aliibandika mwenyewe kwa magoti, tepu ya manjano,
hatua hata hatua hadi dirishani,
kwa sababu miguu yenye Parkinson
hukataa sakafu tupu lakini huvuka mstari.
Kwa nini? Kinga anataja sehemu za ubongo,
kisha anainua mabega.
Leo hata mstari hauvukiki.
Visigino vimegandana na ubao,
kiwiliwili kimeshaanza safari, miguu haina habari.
Metronomu inagonga: ti, ti, ti.
"Inaniudhi," asema Zenobia. Sauti yake siku hizi ni ndogo,
sharti ukumbi mzima unyamaze ndipo aweze kugomba.
"Mlio wa daktari wa meno. Izime."

Kinga akaizima.

Tukasikia maji ya moto yakipita kwenye mabomba ya ukutani.
Tukasikia Bwana Seweryn akipumua.
Halafu mdomo wa Zenobia, kama mtu anayetema uzi:
taka-taka-TA
taka-taka-TA
mtambo wa kufuma, kiwanda cha pamba, zamu ya usiku,
mashuka. Aliwahi kuniambia kwenye foleni ya makoti:
nusu ya nchi hii imezaliwa juu ya kazi yangu.
taka-taka-TA
na kwenye TA mguu ukang'oka.

Haikuwa nzuri kutazama.
Kinga alirudi kinyumenyume, mikono wazi, bila kumgusa,
kama anayemwongoza mtu aliyebeba sufuria ya mchuzi.
Mstari wa nne. Wa tano. Wa sita akaukanyaga.
Dirishani akakwama tena, maana kugeuka
ni somo la Alhamisi,
ikabidi kiti kimfuate huko huko.
Akakaa. Jasho. Akaomba kitana.

Wanasema kujikwaa si kuanguka.
Waliosema hawakuwepo wiki iliyopita
Seweryn alipojikwaa, na akaanguka,
nyusi ikashonwa nyuzi tatu.
Leo yupo na plasta yake, anarusha mpira ukutani,
anaukosa, anaulaani kwa Kipolandi safi kabisa,
neno pekee ambalo kiharusi hakikumnyang'anya.

Na mimi, katikati ya zogo la kiti na kitana,
nikiwa simwangalii mtu wala kidole,
nikiwa nadhani bado nasikiliza ule mtambo,
kibanio kikaachama.
Kiasi cha unene wa tiketi.

Kinga alinipa mgongo.
Nilitaka kumwita. Neno lilikuwa "tazama,"
likachelewa kituoni, na lilipofika
lilikuwa "Jumapili."
Akageuka, akatabasamu: "Leo Jumanne, Bwana Walenty."

Sawa, Jumanne.
Nikajaribu tena. Kikagoma.
Nikajaribu tena.