Saa Arobaini na Nane

Kitanda cha saba, wodi ya wanaume, Arua.
Onzima, mwenye mashine ya kusaga, Manibe.
Mkanda wa mashine ulimrarua muundi,
akaufunga kwa kitambaa akaendelea kusaga,
maana foleni ilikuwa ndefu
na siku ya soko haingoji kidonda.
Siku ya tisa usaha ukaingia damuni,
na figo, zilizotumika kimya miaka hamsini na minne,
zikaacha kazi bila barua.

Maabara ilinipa namba, kwa kalamu ya risasi:
kreatinini mia sita na kitu.
Kitu chenyewe kimefutika.
Mkojo wa usiku kucha haukujaza glasi ya chai.

Daktari kijana aliandika nusu dozi.
"Figo zimechoka," akasema, "tuzihurumie."
Nikapiga mstari juu ya huruma yake.
Dozi ya kwanza haiulizi figo,
inauliza kilo,
na bakteria hawajasikia habari za figo za mtu.
Tukampima kwa mizani ya magunia, ya kuazima stoo:
sitini na moja.
Gramu moja na nusu ya vankomaisini, kamili,
tone kwa tone, hadi adhuhuri.

Ya pili ndiyo yenye woga.
Ya pili niliihesabu mara tatu
nyuma ya karatasi ya oda ya glavu,
kisha nikaandika kwa herufi kubwa:
BAADA YA SAA AROBAINI NA NANE.

Mwaka juzi, mama mmoja wa Maracha
alidungwa gentamisini kama anavyodungwa kila mtu.
Hakuna aliyeuliza mkojo wake.
Alipona. Alirudi nyumbani kwa miguu yake.
Wanasema kuku wakiingia jikoni
hugeuka tu akiona unga umemwagika.
Mimi ndiye niliyetoa zile chupa dirishani.

Jioni ya pili Candiru, bintiye Onzima,
akanisimamia mlangoni.
"Wa kitanda cha sita anadungwa asubuhi, anadungwa jioni.
Baba leo hakuguswa.
Mnambania kwa sababu gani? Pesa?"
Akafungua fundo la leso:
chupa nne, duka la mkabala na stendi,
mbuzi wawili.
"Mpeni zote usiku huu."

Maneno ya chuoni yalinikauka.
Nikamuuliza: chekeche la mashine likiziba, unafanyaje?
Akaniangalia kama mjinga.
"Unazuia mahindi kwa mkono. Unamimina kidogo, unasubiri.
Ukilazimisha, injini inaungua."
Na asubuhi, unapowasha?
"Asubuhi unajaza. Mashine ikizunguka tupu inajila yenyewe."
Akanyamaza.
Akaifunga leso, fundo moja, fundo la pili.
"Basi chekeche lake likizibuka nani atajua?"

Nikampa chupa ya soda na kalamu ya wino.

Siku ya tatu, vidole viwili vya mkojo, rangi ya chai.
Siku ya nne, vinne.
Siku ya tano alichora alama mbili kwa mchana mmoja,
na muuguzi Eyotaru akamkataza kuzionyesha wageni.
Siku ya saba alikuja mbio dirishani kwangu,
chupa imejaa hadi shingoni, ya pili ikifuata,
na watu kwenye foleni wakajitenga, wakiziba pua.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka,
maana figo zilizoamka zinamwaga dawa chooni
na kidonda bado kinanuka,
na dozi iliyokuwa busara Jumanne
leo, Jumapili, ni maji matupu.
Nikachukua faili.
Nikakata arobaini na nane.
Nikaandika ishirini na nne,
nikaipigia mstari chini, mkono ukitetemeka kidogo.

Kesho maabara haina kemikali, wamesema labda Alhamisi.
Candiru ameniuliza kama aongeze chupa.
Nimemwambia azioshe zile zile,
alama zisifutike.