Fomu Namba Tatu

Siku saba nilikaa Kigongo, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu,
ubao magotini, penseli imefungwa uzi isije ikaibwa,
nikihesabu vinavyoshuka kwenye kivuko.
Pikipiki. Magari madogo. Basi.
Lori la ekseli mbili; la ekseli tatu na kuendelea.
Kila chombo kijiti.
Vinne husimama, cha tano hulazwa juu yao.

Mhandisi Chilongani alikuja na chupa yake ya chai
akatueleza: serikali haijengi kwa machozi,
inajenga kwa takwimu.
Leteni idadi, daraja litakuja lenyewe.
Baiskeli andikeni mkipenda.
Waenda kwa miguu hawahusiki.

Basi miguu sikuiandika.
Sikuandika wanafunzi wa Busisi, viatu mkononi,
wala yule mwenye kreti nne za nyanya zilizokwisha kuiva
na nzi wake wanaomjua,
wala Nyamizi, aliyekaanga sato hatua kumi kutoka mwavuli wangu
akaniletea kichwa kila mchana,
maana mtu wa hesabu, alisema, hulishwa kichwa.

Siku ya tano kivuko kilichelewa.
Ng'ambo injini iligoma. Upepo ulituletea kikohozi chake
tangu alfajiri mpaka kivuli cha mwavuli kikarudi chini yangu.
Foleni ya upande wetu ikapita msikiti,
madereva wakalala chini ya malori yao.
Mimi nilikunywa maji tu. Safu zote nyeupe.
Kwenye karatasi ile, masaa matano mazima,
hakuna aliyetaka kuvuka.

Kilipofika, kabla ya basi, kabla ya pikipiki,
walishuka wanaume wanne na kitanda cha kamba.
Juu yake fundi baiskeli wa Nyakaliro;
walikuwa wakimpeleka Bugando tangu usiku.
Hawakukimbia. Hapo ndipo nilipojua.
Mmoja aliomba watue, afunge kamba ya kiatu,
wakatua,
wakamngoja.

Nilitazama kitanda. Nilitazama fomu.
Wanne wamesimama, wa tano amelazwa.
Nikalichora fungu lile, vijiti vyote vitano,
kwenye safu ya ekseli tatu na kuendelea.
Najua, ni kughushi waraka wa serikali:
malori matano ambayo hayakupita.
Jioni Chilongani akajumlisha, akafurahi,
akaniambia wabeja kwa Kisukuma chake cha juzi.

Sasa nguzo zimesimama majini
na zege limelazwa juu yake.
Navuka kwa basi la Geita; chungwa sijamaliza kulimenya
tumeshafika Busisi. Abiria hata dirishani hawatazami.
Mimi natafuta nguzo yangu. Si nzima,
labda robo, labda nondo moja tu ndani ya moja kati ya zile
ilinunuliwa na malori yale matano.
Siombi radhi.

Jumapili nilishuka Kigongo.
Gati li wazi, nyasi zimeota kwenye nyufa,
magugumaji yamejisokota kwenye kamba ya chuma.
Nyamizi yupo, karai moja badala ya matatu.
Kule juu magari yanapita, kishindo, kishindo,
kimya kifupi, kishindo.
Kwa mwendo ule nani atasikia harufu ya samaki?
Akanipa kichwa, akakataa pesa.
Daraja zuri, akasema, dada yangu kaugua Sengerema juzi,
nimekwenda, nimemuogesha, nimemlisha,
na magharibi nimesharudi kufungia kuku.
Akageuza samaki, mafuta yakaruka.
Lakini wewe, akasema, ulikaa hapa siku saba na penseli yako.
Mimi uliniandika wapi?