Kipande cha Chupa

Chokaa ilichemka ndani ya pipa, Keko,
nikainama kuichungulia kama mpishi wa ubwabwa.
Tone moja tu.
Jicho la kulia likawa yai lililomenywa.

Walinimwagia maji, dripu baada ya dripu,
hadi Bi Nyamizi, muuguzi, akachoka mkono.
Maumivu yakapungua, kidonda kikagoma kufunga.

Ndipo daktari akaleta utando,
mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu.
Akasema: hii ndiyo ile chupa
ambayo wakunga husema imepasuka.
Mama mmoja alijifungua salama kwa upasuaji;
aliulizwa, akakubali.
Akanitandikia jichoni, akashona
kwa uzi nisiouona hata leo.

Kitovu changu kilizikwa Kisiju, nyuma ya jiko la bibi.
Zalia la yule mama sijui lilizikwa wapi.
Kipande kimoja nilikuwa nacho mimi.

Wiki ya tatu kikayeyuka chenyewe,
hakikuaga.
Chini yake nyama mpya ilishatambaa.
Kwanza niliona dirisha. Kisha miguu ya Bi Nyamizi:
kandambili moja ya bluu, moja ya kijani.

Pembeni bado kuna ukungu, siwadanganyi.
Lakini nikipita sokoni Temeke,
kitoto kikinikodolea kutoka mgongoni mwa mamake,
huwa nasimama.
Mke wangu hunivuta shati: unamtazama nani?

Namjibu, sijui.
Huenda tumejifunika shuka moja,
yeye kwanza.